RADI YA MKONO NA RADI YA ZIWANI: SOMO LA UMEME, TAUHIDI NA USALAMA WETU

Bismillahir Rahmanir Rahim

UTANGULIZI

Kila sifa njema anastahiki Allah (s.w.), Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake, maswahaba zake na kila mwenye kufuata mwenendo wao hadi siku ya malipo. Ama baada ya hayo.

Katika somo hili tutazungumzia watu wanaotengeneza cheche za umeme zinazofanana na radi, kisha tutaitazama radi yenyewe, ile inayotutisha kila msimu wa mvua hapa Kigoma, Ujiji na vijiji vyote vya mwambao wa Ziwa Tanganyika. Baada ya kulisoma somo hili, mwanafunzi anatarajiwa aweze:

(a) Kueleza kwa lugha nyepesi jinsi mtambo wa koili ya Tesla unavyofanya kazi.
(b) Kueleza radi ni nini na inatokeaje.
(c) Kutofautisha itikadi sahihi ya Muislamu juu ya radi na dhana za "radi ya kutumwa".
(d) Kutaja njia za kujikinga na namna ya kumsaidia aliyepigwa.

WATU WANAOKUSANYIKA KUONYESHA CHECHE

Huko Uingereza, Marekani na nchi nyingine wapo watu wa kawaida ambao baada ya kazi zao za mchana hukaa uani au kwenye banda la gari wakiunda mitambo ya umeme wa volti kubwa. Miongoni mwao wamo mafundi wastaafu, walimu na wanafunzi. Hawalipwi kwa kazi hiyo. Wanaifanya kwa kupenda kujua. Mara kwa mara hukusanyika mahali pamoja, kila mmoja na mtambo wake, wakazima taa na kuonyeshana. Mikusanyiko hiyo wameipa jina la Teslathon.

Mtazamaji huona nguzo iliyosimama, imezungushiwa waya mwembamba wa shaba, na juu yake kuna chuma cha mviringo mfano wa tairi. Mtambo ukiwashwa, cheche za rangi ya zambarau huruka hewani kwa sauti kali ya kupasuka, zikitawanyika kama matawi ya mti. Hewa hutoa harufu ya pekee, nayo ni harufu ya ozoni. Wengine wameweza hata kuifanya cheche itoe sauti ya muziki, kwa kuiwasha na kuikata mamia ya mara katika kila sekunde. Yupo pia anayeingia ndani ya tundu la wavu wa chuma, cheche zikalipiga tundu hilo kwa nje, naye akatoka salama. Sababu yake tutaieleza mbele.

Mtambo huu umepewa jina la aliyeuvumbua, Nikola Tesla, aliyezaliwa mwaka 1856 katika kijiji cha Smiljan, ambacho leo kimo katika nchi ya Kroatia. Alihamia Marekani na mwaka 1891 akaunda koili yake. Mwaka 1899 alijenga mtambo mkubwa sana huko Colorado Springs, akapata cheche zenye urefu wa mita nyingi. Tamaa yake ilikuwa kupeleka umeme mbali bila waya, uwashe taa na kuendesha mashine. Jambo hilo halikutimia kama alivyotaka, na alifariki New York mwaka 1943 akiwa hana mali. Hata hivyo koili ya aina yake ilitumika katika mitambo ya mwanzo ya redio, na jina lake limebaki katika vitabu vya fizikia, kwani kipimo cha nguvu ya uga wa sumaku kinaitwa tesla.

Hapa kwetu Tanzania ipo mikusanyiko inayokaribiana na huo. Tangu mwaka 2012 kumekuwa na maonyesho ya Young Scientists Tanzania, ambapo wanafunzi wa sekondari huleta Dar es Salaam kazi za kisayansi walizozifanya wenyewe. Tofauti ni kwamba wanafunzi wetu wengi huchagua matatizo ya vijijini kwao, kama maji, kilimo, afya na nishati. Hilo ni jambo jema, na Insha Allah siku moja tutamwona mwanafunzi wa madrasa hii akisimama pale.

JINSI KOILI YA TESLA INAVYOFANYA KAZI

Hatua zake ni tano:

1. Umeme wa nyumbani, ambao kwetu ni volti 230, huingizwa katika transfoma inayoukuza hadi kufikia maelfu ya volti.

2. Umeme huo huhifadhiwa katika kapasita. Kapasita ni mfano wa mtungi: unajazwa kidogo kidogo, kisha unamwagwa wote kwa mara moja.

3. Kapasita ikijaa, umeme huruka katika nafasi ndogo iliyoachwa kati ya vyuma viwili. Hapo mlango umefunguka, na umeme wote hukimbilia katika waya mnene uliozungushwa mizunguko michache.

4. Karibu na waya huo ipo nguzo yenye waya mwembamba uliozungushwa mamia ya mizunguko, pengine zaidi ya elfu moja. Waya hizi mbili hazigusani. Nguvu hupita baina yao kwa njia ya sumaku.

5. Nguvu hupanda na kukusanyika juu kwenye tairi la chuma. Inapofika mamia ya maelfu ya volti, hewa hushindwa kuizuia, na cheche huruka.

Siri ya mtambo iko katika hatua ya nne. Mfikirie mtoto aliyekaa kwenye bembea. Ukimsukuma ovyo ovyo, bembea haiendi. Ukimsukuma kila anaporudi, kwa wakati wake, hata msukumo wa kidole utampandisha juu sana. Waya zile mbili zimepimwa ili mapigo yao yalingane, nayo ni mapigo ya laki moja na zaidi kwa sekunde moja. Fundi akikosea kipimo kidogo tu, mtambo hukaa kimya au huungua. Ndiyo maana mtu hutumia miezi mingi kuhesabu, kuzungusha waya na kurekebisha kabla hajaiona cheche ya urefu wa mkono wake.

Na yule wa ndani ya tundu? Umeme ukipiga chuma kilichomzunguka mtu pande zote, hupita juu ya chuma kwa nje na kuingia ardhini. Mwanasayansi Michael Faraday wa Uingereza alilithibitisha jambo hili mwaka 1836. Kwa sababu hiyo hiyo, mtu aliye ndani ya gari lenye bodi ya chuma na vioo vilivyofungwa yuko salama wakati wa radi kuliko aliye nje.

RADI YA ZIWA LETU

Ndani ya wingu kubwa la mvua, chembe za barafu na matone hupandishwa na kushushwa na upepo wenye nguvu, zikigongana. Katika kugongana huko, umeme hutengana: sehemu ya juu ya wingu hupata chaji chanya na sehemu ya chini hupata chaji hasi. Ni jambo lile lile unaloliona ukivua sweta la nailoni usiku wa kiangazi, likatoa vicheche na sauti ndogo. Wingu likijaa sana, hewa hushindwa kuzuia, na umeme huruka ndani ya wingu, au kati ya wingu na wingu, au kati ya wingu na ardhi. Huu wa mwisho ndio unaotuua.

Pigo moja hubeba takriban ampea 30,000, na huifanya hewa iwe na joto la nyuzi 30,000 za Sentigredi, yaani mara tano hivi ya joto la uso wa jua. Hewa hiyo hupanuka ghafla na kupasuka. Sauti yake ndiyo tunayoiita ngurumo. Mwanga hufika mara moja, bali sauti hutembea mita 340 hivi kwa sekunde. Basi ukiona mwanga, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo, kisha ugawe kwa tatu. Jibu ndilo umbali wa radi kwa kilomita.

Je, kwa nini pande hizi zetu radi ni nyingi? Allah (s.w.) amejaalia maziwa makubwa yaliyozungukwa na milima. Mchana, hewa yenye unyevu wa ziwa hupanda milima na kufanya mawingu mazito. Usiku, hewa ya nchi kavu hushuka kuelekea ziwani na kuisukuma juu ile hewa ya uvuguvugu iliyo juu ya maji. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliotumia vipimo vya setilaiti, ulionyesha kuwa mahali penye radi nyingi kuliko pote duniani ni Ziwa Maracaibo nchini Venezuela, mimweko 233 kwa kila kilomita moja ya mraba kwa mwaka. Mahali pa pili, na pa kwanza katika Afrika yote, ni Kabare, mashariki ya Kongo, mimweko 205. Kabare iko upande wa magharibi wa Ziwa Kivu, na maji ya Ziwa Kivu huteremka kwa Mto Ruzizi hadi katika Ziwa Tanganyika letu. Sisi tu majirani wa mlango wa pili.

QUR'AN INATUFUNDISHA NINI

Allah (s.w.) ameiita sura nzima kwa jina la ngurumo, nayo ni Suratur-Ra'd, sura ya 13. Katika aya ya 12 na ya 13 tunajifunza mambo manne:

(a) Anayetuonyesha umeme wa mawinguni ni Allah (s.w.) mwenyewe.
(b) Umeme huo umewekewa pande mbili, khofu na matumaini. Mvuvi aliye ziwani anaogopa, mkulima wa maharage wa Kasulu anatumaini mvua, na wote wawili wanautazama mwanga mmoja.
(c) Ngurumo inamsabihi Allah kwa sifa zake, na Malaika pia kwa kumkhofu.
(d) Yeye ndiye apelekaye radi na kumpata amtakaye.

Katika Suratun-Nur, aya ya 43, tumeelezwa jinsi mawingu yanavyosukumwa, yakaunganishwa, yakarundikwa, kisha mvua ikatoka baina yake. Mwanafunzi akiyasoma hayo pamoja na somo la jiografia ataona kuwa hana haja ya kuacha kimoja ili ashike kingine.

Kadhalika imepokewa katika Muwatta ya Imam Malik kuwa Abdullah bin Zubayr (r.a.) alipokuwa akisikia ngurumo aliyaacha mazungumzo na kumsabihi Allah. Mwanafunzi aihifadhi tasbihi hiyo kwa mwalimu wa darasa lake.

DHANA POTOFU: "RADI YA KUTUMWA"

Wazazi wapenzi, sehemu hii ndiyo iliyotufanya tuandike somo hili. Katika mkoa wetu na mikoa jirani, mtu akipigwa na radi, matanga hayajaisha watu huanza kunong'onezana, "Hii si radi ya Mungu, hii imetumwa." Kisha hutafutwa wa kubebeshwa, na mara nyingi huwa bibi kizee mwenye macho mekundu kwa moshi wa jikoni, au jirani mliyegombana naye shamba. Nyumba zimechomwa na roho zimetoka kwa maneno hayo.

Tuwarejee wale watengenezaji wa cheche. Hao wamesoma, wana vipimo, wana maelfu ya volti mikononi mwao, na wako ndani ya chumba kimoja na mtambo wao. Pamoja na hayo yote, hawawezi kuichagulia cheche ipite tawi gani. Hufuata njia iliyo nyepesi kwake, na kila ikiruka hupita pengine. Wakitaka cheche ya mita moja tu, hutafuta transfoma, kapasita na mamia ya mita za waya. Basi bibi wa kijijini, asiye na hata betri ya tochi, ataituma vipi radi ya kilomita tano ivuke vilima viwili na kumchagua mtu mmoja?

Atauliza muulizaji, "Mbona radi imeiacha mitaa yote ikapiga nyumba ile ile mara ya pili?" Jibu ni kuwa nyumba ile bado iko kilimani, au mwembe mrefu bado uko ubavuni pake. Kilichoivuta mara ya kwanza hakijaondoka. Tarehe 28 Juni 2011, huko Kiryandongo nchini Uganda, radi ilipiga shule ya msingi ya Runyanya, wakafariki wanafunzi 18 na mwalimu wao mmoja. Oktoba 2018 wanafunzi 6 walifariki kwa radi shuleni huko Geita. Nani alikuwa na ugomvi na watoto wote wale? Walikuwa wamekusanyika pamoja mahali pasipo na kinga.

Ama uchawi, Qur'an imeutaja katika Suratul-Baqarah, aya ya 102, na aya hiyo hiyo imeeleza kuwa hauwezi kumdhuru yeyote ila kwa idhini ya Allah. Lakini kuamini hivyo hakukupi ruhusa ya kumnyooshea kidole fulani bin fulani. Tumekatazwa kuandama dhana (Suratul-Hujurat, aya ya 12), na tumekatazwa kufuata tusilo na elimu nalo (Suratul-Israi, aya ya 36). Katika sheria yetu, anayedai ndiye aletaye ushahidi. Macho mekundu si ushahidi.

Vile vile tusiseme kuwa aliyepigwa na radi alikuwa muovu. Radi hupata amtakaye Allah, na hekima yake anaijua Yeye. Wale wanafunzi wa Kiryandongo walikuwa darasani wakitafuta elimu.

Mengine ya kuachwa ni haya: kuvaa hirizi ya radi, kufunika vioo, na kuvua nguo nyekundu. Hakuna hata kimoja katika hivyo kinachozuia radi, na hirizi inaharibu tauhidi pamoja na kumpa mtu usalama wa uongo.

KUJIKINGA NI KATIKA KUTAWAKALI

Mtume (s.a.w.) alimfundisha mtu mwenye ngamia kwamba amfunge kwanza, kisha ndipo atawakali. Nasi tufunge ngamia wetu hivi:

1. Ukisikia ngurumo kabla hujamaliza kuhesabu 30 tangu uone mwanga, ingia ndani. Usitoke mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

2. Usijikinge chini ya mti. Miembe yetu ya Ujiji ni neema kwa kivuli na matunda, bali wakati wa radi ni mtego, kwa sababu radi hupiga kilicho kirefu na kuruka kwa aliye karibu.

3. Acheni mpira uwanjani. Mwekeni chini jembe na baiskeli.

4. Wavuvi wa dagaa warudi mwaloni mapema wanapoona mawingu yanajijenga. Juu ya maji matambarare, mtu ndani ya mtumbwi ndiye kilima.

5. Nyumba imara yenye kuta na paa ni bora kuliko kibanda cha nyasi. Ukiwa ndani, kaa mbali na madirisha, mabomba na nyaya. Simu ya mkononi haiiti radi, ila usiishike ikiwa kwenye chaji.

6. Viatu vya mpira na kandambili havikingi. Radi iliyovuka kilomita za hewa haishindwi na sentimita moja ya mpira.

7. Kamati za misikiti na shule ziweke vyuma vya kukingia radi, vilivyounganishwa kwa waya mnene hadi ardhini. Mnara mrefu unahitaji kinga hiyo, na wanaouiba waya wa shaba wajue kuwa wanaiba uhai wa wanaosali.

ALIYEPIGWA ASIACHWE. Wengi huogopa kumgusa wakidhani ana umeme mwilini. Hana. Umeme umekwisha kupita. Hata kama moyo wake umesimama, anaweza kurudi kwa idhini ya Allah. Mlazeni chali mahali palipo salama, na kama hapumui, mkandamizeni katikati ya kifua kwa nguvu na haraka, takriban mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kukoma, huku wengine wakitafuta gari la kumpeleka hospitali. Walipopigwa wengi kwa pamoja, anzeni na asiyepumua. Na akiwa amefariki, ana haki zake zote kama maiti mwingine: kuoshwa, kukafiniwa, kusaliwa na kuzikwa. Asikimbiwe.

NENO KWA WANAFUNZI WENYE KUPENDA UFUNDI

Usijaribu kuunda koili ya Tesla nyumbani. Transfoma na kapasita zake huua kwa mguso mmoja, na kapasita hubaki na umeme hata baada ya kuchomolewa. Wale wa kwenye mikusanyiko wameanza na mambo madogo, tena huwa wawili au zaidi, na watazamaji hukaa mbali nyuma ya kamba. Wewe anza na betri, balbu, redio mbovu isiyo kwenye umeme, na sugua kalamu ya plastiki nywelini uone inavyookota vipande vya karatasi.

Usidhani kuwa ufundi ni kazi ya watu wa Ulaya peke yao. Mwaka 1206 Al-Jazari, fundi Muislamu aliyewatumikia watawala wa Diyarbakir, alikamilisha kitabu cha mitambo aliyoibuni na kuiunda, ikiwemo pampu za maji na saa mashuhuri ya umbo la tembo. Alipima, akajenga, akajaribu, kisha akaandika ili wengine waweze kujenga.

HITIMISHO

Mwenye kutengeneza cheche ya mita moja anajua gharama yake. Ajiulize basi juu ya Yule anayewasha anga lote, kutoka milima ya Kongo hadi vilima vya Kigoma, usiku mzima. Elimu ya umeme ikimfikisha mtu hapo, imemfikisha kwenye tauhidi. Ikimfanya pia amtoe mdogo wake chini ya mwembe, na aizuie familia yake isimsingizie jirani, imekuwa elimu yenye manufaa. Tunamuomba Allah (s.w.) atujaalie elimu hiyo, na awarehemu wote waliotutangulia kwa ajali za radi na za ziwa. Amin.

ZOEZI

1. Taja hatua tano za utendaji kazi wa koili ya Tesla.
2. Umeona mwanga, na ngurumo ikasikika baada ya sekunde 9. Radi iko umbali gani? Ufanye nini?
3. Jirani yako anasema mjomba wake alitumiwa radi na bibi fulani. Mjibu kwa hoja mbili za dini na mbili za elimu ya umeme.
4. Kwa nini aliye ndani ya gari la chuma yuko salama kuliko aliye chini ya mti?
5. Msaidie mzazi wako kukagua nyumba yenu, kisha andika mambo matatu ya kurekebishwa kabla ya mvua kuanza.

Wabillahi tawfiiq.